Maji Mmeyapeleka Wapi?

Niliharibu shamba la muhogo la jirani yangu kwa kutafakari. Najua sentensi hiyo inachekesha. Hata mimi hucheka nikiwa mbali na kijiji chetu cha Mbaha. Nikiwa nyumbani sicheki, maana kutoka barazani kwangu korongo linaonekana.

Nieleze kwanza nilichokijenga. Mzingile ninaousema si ule wa kupoteza watu. Huu una njia moja tu. Unaingia mlangoni, unazungushwa kushoto, unarudishwa kulia, unakikaribia kitovu mpaka unadhani umefika, halafu unapelekwa mbali nacho tena, na mwisho, usipoiacha njia, unatokea katikati. Hakuna njia panda, kwa hiyo hakuna pa kukosea. Ndivyo nilivyoambiwa. Watu wa Krete waliuchora mchoro huo kwenye sarafu za fedha za mji wa Knossos kabla ya Kristo. Wakristo wa Ulaya wakauingiza makanisani, na ulio maarufu kuliko yote uko Chartres, Ufaransa, umepangwa kwa mawe kwenye sakafu ya kanisa kuu tangu mwanzoni mwa karne ya 13. Upana wake ni karibu meta 13, una mizunguko 11, na ndani yake imekunjwa njia ya zaidi ya meta 250. Siku hizi wako watu wanaoutembea taratibu, kimya, kama wengine wanavyosali rozari.

Mimi niliutembea kwa mara ya kwanza kwenye nyumba moja ya mafungo, mbali na kwetu, ukiwa umechorwa kwenye turubai kubwa lililotandazwa ukumbini. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na kanisani nimekabidhiwa vijana. Kichwa changu hakikai kimya: kikitoka kwenye mitihani kinaingia kwenye madeni, kikitoka kwenye madeni kinaingia kwenye paa linalovuja. Juu ya turubai lile kilinyamaza. Siwezi kukana hilo hata leo, baada ya yote. Nikarudi Mbaha na kijitabu kwenye mkoba.

Kijitabu kilieleza namna ya kuutembea mzingile kwa majira ya mwaka. Wakati ulionigusa ni ule wa majani kupukutika, unaoanza tarehe 22 au 23 Septemba, mchana na usiku vikilingana. Mtu aingie akiwa amebeba moyoni jambo analotaka kuliacha, alitue katikati, atoke mwepesi, kama mti unavyoyaachia majani yake. Nilipenda kila neno. Nikayabeba yote pamoja: mzingile, tarehe na majani.

Sasa, Septemba ya Mbaha mnaijua. Miyombo ya vilimani imekwisha kupukutisha majani Julai na Agosti, kwenye baridi na ukavu. Septemba inachipua, tena inachipua majani mekundu, kabla hata tone la mvua halijaanguka. Miembe ya ufukweni imebeba vitoto vya maembe. Watu wanafyeka, wanachoma, moshi umetanda juu ya ziwa, na jua linazidi kutusogelea utosini. Upande wetu wa ikweta, majira yale ya kijitabu huanza Machi. Kijitabu hakikudanganya mtu. Kiliandikwa kwa ajili ya watu wanaokaa kaskazini, na kwao ni kweli tupu. Mimi ndiye niliyekisoma kama waraka wa wizara.

Jioni ya kwanza tulipokusanyika, nilisimama mbele ya watu nikasema kwa sauti ya ibada, “Tuiachie mizigo yetu kama miti hii inavyoyaachia majani.” Bibi mmoja akainua macho. Myombo uliokuwa juu yetu ulikuwa umejaa majani machanga kila tawi.

“Majani yapi hayo, Mwalimu?”

Vijana wakaangua kicheko. Nikamjibu kwamba ni mfano tu, bibi. Akaitika kwa adabu. Ningekuwa na masikio ningeelewa kwamba mtu ambaye hajui mti ulio juu ya kichwa chake unafanya nini, huenda hajui pia ardhi iliyo chini ya miguu yake itafanya nini.

Hapa ndipo penye kosa lenyewe. Nilichagua mteremko. Nilifyekesha nyasi. Nilizichoma. Nilichimbisha njia kuwa mfereji. Mlango niliuweka upande wa chini.

Ilikuwaje mtu mzima afanye hayo yote mfululizo? Tambarare ya Mbaha ni nyembamba, nayo ina wenyewe: nyumba, muhogo, migomba, na pale penye mchanga mzuri usipa, dagaa wa kwetu, umeanikwa. Nyuma ya kijiji nchi inaanza kupanda kuelekea milima ya Wamatengo, na kwenye mwinuko wa kwanza familia moja ilikuwa na eneo lililopumzishwa miaka mingi, nyasi zimefunga hadi kiunoni. Waliponiazima nilipanda nikageuka, nikaliona ziwa lote. Nilichokuwa nakitafuta pale, nakiri, ni mandhari. Nilijiona tayari nimesimama katikati ya mzingile wakati jua linazama upande wa Malawi. Kijitabu hakikusema neno lolote kuhusu mteremko, na mimi sikujiuliza kwa nini. Jibu lilikuwa kwenye picha ya jalada: mzingile wa Chartres uko kwenye sakafu ya mawe, ndani ya nyumba. Una paa.

Kuchora kulikuwa raha. Ule wa mizunguko saba ni rahisi ukiujua: unaanza na msalaba, unaweka kona nne na nukta nne, kisha unaunganisha ncha kwa pinde, moja baada ya nyingine, mpaka umbo linajifunga lenyewe. Vijana walishika kamba na vigingi, mimi nikashika kijitabu. Tulipomaliza kuchora tukachukua majembe. Njia tuliichimba kiasi cha kina cha kiganja, na udongo wake tukaulaza pembeni kuwa tuta, ili mtu aweze kutembea hata gizani bila kupotea. Vijana walifanya kazi nzuri. Naomba hilo lieleweke: walichoambiwa wachimbe, walikichimba vizuri sana, na ndiyo maana madhara yalikuwa makubwa.

Mzee mmoja wa kanisa aliniuliza kwa upole kwa nini tusitumie Njia ya Msalaba. Tunayo. Ina vituo 14, tunaitembea kila Ijumaa ya Kwaresima, na Kwaresima haikosi kuikuta Machi. Nilimwona kama mtu ambaye hajasoma.

Aliyenionya kweli alikuwa Mmatengo aliyeteremka na maharage yake kuja kununua usipa. Alikuwa na jamaa zake pale kijijini, wakamleta kuona maajabu. Alizunguka kwa nje, hakuingia. Akachuchumaa, akashika udongo wa tuta, akauachia. Halafu akaniuliza:

“Mwalimu, maji mmeyapeleka wapi?”

Nikafurahi kwamba mgeni anatujali. “Maji yapo, mjomba,” nikasema. “Kisima kiko pale chini. Wakuletee sasa hivi?”

Akanitazama kidogo. “Haya, Mwalimu.” Kijana akapewa agizo, akakimbia, akarudi na kikombe. Yule Mmatengo akayanywa yale maji yote, akashukuru, akaenda zake. Sidhani kama alikuwa na kiu.

Ningeweza kujitetea kwamba mimi ni mtu wa ziwani, mambo ya milimani siyajui. Utetezi huo sina. Mama yangu anatoka upande wa Litembo, milimani kwa Wamatengo. Likizo za utotoni nilizimalizia kwenye miteremko ya wajomba, nikibeba nyasi. Swali la yule Mmatengo nililisikia mara nyingi kabla sijajua kusoma. Nililisahau kwa sababu hakuna aliyewahi kulichapisha kwenye kijitabu.

Oktoba na Novemba mzingile ulifanya kazi yake. Watu walikuja jioni baada ya shamba. Wavuvi wawili watatu walikuja alfajiri, wametoka ziwani, wakatembea na miguu yenye mchanga bila kusema chochote, na mmoja akaniambia baadaye kwamba pale ndipo mahali pekee alipomwaza mtoto wake aliyefariki bila mtu kumwambia ajikaze. Sikutunga hilo ili kupunguza kosa. Nalitaja kwa kuwa lilinipumbaza. Jambo likionekana kuwa jema, mtu haendi kulichungulia kwa chini.

Mvua ya kwanza ya maana ilinyesha Desemba, usiku kucha. Ilipofika asubuhi ilikuwa imepungua, ikawa ya kudondoka tu, nami nikachukua mwavuli nikapanda kuangalia. Nilichokikuta kilikuwa kizuri. Njia yote ilikuwa imejaa maji. Duara ndani ya duara, yanang'aa, na mawingu yanaonekana ndani yake. Nilisimama upande wa juu nikatoa simu nikapiga picha. Nikafikiri maneno ya kuwaambia vijana Jumapili: kwamba tazameni, hata mvua imekuja kusali nasi. Nakumbuka niliridhika kabisa na sentensi ile. Nilikuwa naitafutia kituo chake cha mwisho wakati mvua iliporudi kwa nguvu.

Maji yalianza kutembea. Yale ya upande wa juu wa kila mzunguko yaligawanyika, mengine yakashuka kwa kushoto, mengine kwa kulia, yakifuata njia tuliyoyachongea, na pande zote mbili zikakutana chini. Kule chini hakukuwa na pa kwenda ila kulisukuma tuta. Tuta la ndani kabisa likapasuka kwanza. Nilisikia kama mtu amekanyaga tope. Maji yake yakamwagikia mzunguko wa pili, ambao ulikuwa umejaa tayari, nao ukapasuka. Wa tatu haukuchukua muda. Mizunguko saba ilifunguka mmoja baada ya mwingine, na mzigo wote ukatoka kwa pamoja mlangoni. Kwenye njia ambayo nilikuwa nimewahubiria watu kwamba haina mkato, maji yalikata moja kwa moja.

Sikukimbia. Ningependa kusema nilikimbia. Nilibaki na mwavuli wangu nikitazama maji mekundu yanavyoshuka, na akili yangu ikawa inajaribu kuyapa jina la heri. Ndipo nilipofuata kwa macho yanakoelekea. Nikaona muhogo. Hapo ndipo sauti ya yule Mmatengo iliponirudia, neno kwa neno, na nikaelewa kwamba hakuwa akiomba maji ya kunywa. Nilihisi joto usoni huku nimelowa. Nilikuwa peke yangu kilimani na bado niliona aibu kama niko mbele ya mkutano.

Shamba lilikuwa la jirani yangu, bibi anayelea wajukuu zake. Sehemu yote ya chini ilikuwa imekatwa. Muhogo wa mwaka ule ulikuwa umebaki mizizi nje, mwingine umelala, na mahindi yaliyokuwa ndiyo kwanza yanachomoza yalifukiwa na mchanga. Maji yalivuka shamba, yakaikata njia ya kwenda ziwani, yakaacha korongo ambalo mtoto mdogo hawezi kuliruka. Nilimkuta bibi amesimama ukingoni na jembe.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, Mwalimu. Nilidhani bomba limepasuka. Halafu nikakumbuka huku hatuna bomba.”

Nikamwambia ni kosa langu. Akasema anajua.

Siku tuliyokaa kwa mwenyekiti wa kitongoji kuhesabu hasara nilimwonyesha ile picha, sijui kwa nini. Labda nilitaka aone kwamba nia yangu ilikuwa nzuri. Aliisogeza simu karibu na jicho. Hakutazama maduara. Aliweka kidole pembeni, chini kabisa ya picha. “Hapa ni kwangu,” akasema. Nilitazama. Kwenye kona ile maji mekundu yalikuwa tayari yameshaingia kwenye muhogo. Wakati nikipanga maneno ya Jumapili, mlango ulikuwa unavuja, na nilikuwa nimekipiga picha kitendo chenyewe bila kukiona. Ningeshuka wakati ule na jembe, ningeweza kuyageuza maji upande wa kichakani.

Gharama ni hizi. Nilimpa bibi shamba langu la bondeni alime misimu miwili. Nilimlipa makopa ya muhogo kwa debe mpaka muhogo mpya ukomae, na wote tunajua muhogo hauna haraka. Pingili za kupanda nilinunua. Vijana walichota mchanga mahindi yakapandwa upya, yakachelewa, bibi akavuna kidogo. Wenye eneo la kilimani waliniomba nilirudishe kama lilivyokuwa. Nimewarudishia udongo mwekundu. Kikundi cha tafakari kilikufa bila kutangazwa. Bibi tunasalimiana vizuri. Wajukuu zake wananiita Mwalimu wa Korongo, na sina hoja ya kuwapinga.

Machi iliyofuata nilipanda kwa wajomba. Sikwenda kutafakari, nilikwenda kuuliza, na kwa kuwa ilikuwa Machi sikupewa kiti, nilipewa kazi. Ndio wakati wa kuchimba ngoro, mashimo yao ya kulimia mteremkoni. Mvua zinaelekea ukingoni. Wanaume wanafyeka nyasi za shamba lililopumzika, zinaachwa zinyauke, kisha zinakusanywa na kulazwa kwa mistari inayokatana, mpaka mteremko mzima umegawanyika miraba, kila upande wa mraba meta moja na nusu au mbili hivi. Hapo wanawake wanaingia na majembe. Wanachimba udongo wa katikati ya mraba na kuutupa juu ya nyasi. Palipochimbwa panakuwa shimo, palipo na nyasi panakuwa tuta, na juu ya matuta yanapandwa maharage. Mvua mpya zikianza mwishoni mwa mwaka, wanapanda mahindi palepale. Ukisimama upande wa pili wa bonde unaona mlima umegeuka sega la nyuki.

Wamatengo wanalima hivyo tangu karne ya 19, kwenye miteremko ambayo mtu wa ziwani angeogopa hata kuipanda bila fimbo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine na wenzao wa Chuo Kikuu cha Kyoto, Japani, walitumia miaka ya 1990 kuja kuichunguza kazi hiyo. Siri yake mamdogo wangu alinieleza kwa kuonyesha na mpini. Kila shimo linapokea maji yake na kukaa nayo. Yanazama polepole. Likijaa moja, halimwagii jirani mzigo wa mlima mzima. Nyasi nilizozichoma mimi, wao wanazizika. Zinaozea ndani ya tuta, zinalishikilia, na kulilisha.

Nilimchorea mzingile wangu kwenye vumbi kwa kijiti. Aliutazama, akaufuata kwa kidole kutoka mlangoni hadi katikati bila kukosea, akasema ni mzuri sana kwa kuchezea watoto. Kisha akauliza mlango uko upande gani wa mlima. Nikamwonyesha. Akacheka hadi akaliacha jembe.

Nilichimba pale siku kadhaa, vibaya, mashimo yangu yakirudiwa na binti wa shule. Sitasema nilipata amani zaidi kuliko kwenye turubai. Mgongo uliniuma, na kichwa kilikuwa kinahesabu makopa.

Kuhusu korongo, tumelijaza matete na magunia ya mchanga, na sehemu ya juu tumelaza nyasi na kuzifukia. Sehemu ya juu imeshika. Ya chini mvua ya Februari iliibomoa, tunairudia. Kwenye njia ya ziwani tumeweka magogo mawili, na wanaobeba ndoo kichwani wanalalamika kwamba yanateleza. Wana haki.

Yule mzee wa kanisa niliyemdharau ndiye aliyekuja kuniambia kwamba vijana wanauulizia mzingile. Anapendekeza uwe Machi, baada ya Njia ya Msalaba, uchorwe kwa chokaa kwenye uwanja wa mpira, bila jembe. Nimeshakwenda uwanjani mvua ikinyesha, nikasimama mpaka ikakatika. Nimepima kwa kamba: mizunguko saba inaenea katikati ya uwanja. Mwalimu wa michezo amekubali, ila chokaa ninunue mwenyewe, na mchoro usiguse eneo la penalti.